Uwindaji na utazamaji wa ndege mkoani Mtwara

Uwindaji na utazamaji wa ndege mkoani Mtwara ni matumizi mawili ya wanyamapori yanayofanyika katika ardhi ya umma ya mkoa huo wa kusini-mashariki mwa Tanzania, kuanzia maingilio ya Mto Ruvuma katika Bahari Hindi hadi mapori ya akiba ya Nanyumbu na Masasi. Mwindaji hutafuta nyama, ngozi, pembe au burudani. Mtazamaji wa ndege hubeba darubini na daftari ili awaone ndege, awatambue na awahesabu bila kuwagusa. Wote wawili huhitaji wanyama wengi na mazingira yasiyoharibiwa, lakini mara nyingi huyahitaji mahali pamoja na katika miezi ileile. Ndiyo maana sheria na desturi huwatenganisha kwa mahali, kwa majira au kwa vibali.

## Eneo

Mkoa wa Mtwara umepakana na Bahari Hindi upande wa mashariki na Mto Ruvuma upande wa kusini. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kuna majira moja ya mvua kwa mwaka, yanayoanza mnamo Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Miezi inayobaki ni ya kiangazi.

Kwa habari ya ndege, mkoa una sehemu tatu kubwa:

* Pwani: ghuba za Mikindani na Mnazi, rasi ya Msimbati, visiwa vidogo, mikoko na matope ya maingilio ya Ruvuma.
* Uwanda wa juu wa Makonde: mashamba ya mikorosho na mihogo, pamoja na vichaka vizito vya Newala na Tandahimba.
* Misitu ya miombo ya magharibi: Masasi na Nanyumbu, ambako wanyama wakubwa bado wapo.

Sehemu ya kwanza huwavutia zaidi watazamaji wa ndege, na ya tatu zaidi wawindaji wenye leseni. Ile ya kati ni ya wakulima, ambao huwinda hasa ili kulinda mazao.

## Ndege wa maingilio ya Ruvuma

Mto Ruvuma huleta udongo mwingi baharini. Udongo huo hujenga mafungu ya mchanga na matope ambayo hufunikwa na kufunuliwa mara mbili kila siku kwa maji kujaa na kupwa. Ndani ya matope kuna kaa, minyoo na chaza wadogo, na hicho ndicho chakula cha ndege wa pwani.

Ndege wengi kati ya hao ni wahamaji. Vitwitwi, sululu na jamaa zao huzaliana katika Ulaya ya kaskazini na Asia wakati wa kiangazi cha huko, kisha huruka maelfu ya kilomita kuja Afrika. Hufika pwani ya Mtwara kuanzia mnamo Agosti na Septemba, wakaondoka Machi na Aprili.

Anayejulikana zaidi ni ndege mla kaa (*Dromas ardeola*), mwenye rangi nyeupe na nyeusi, miguu mirefu na domo nene la kuvunjia magamba. Ni spishi pekee katika familia yake. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, Omani na Somalia. Tofauti na ndege wengine wa pwani, huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Baada ya kuzaliana makundi yake huja Afrika ya Mashariki na Madagaska. Ghuba ya Mnazi ni mojawapo ya mahali anapoonekana nchini Tanzania, na ni miongoni mwa sababu za eneo hilo kuhesabiwa na shirika la BirdLife International kuwa muhimu kwa ndege.

Ndege wengine wanaoonekana hapo ni yangeyange, korongo, mdiria, buabua, shakwe na furukombe.

## Wanaowindwa

Ndege wanaowindwa kwa bunduki nchini Tanzania ni hasa wale wa nchi kavu: kanga, kwale, kereng'ende, firigogo na njiwa. Baadhi ya mabata huwindwa pia. Ndege wadogo wa matopeni hawana nyama ya kutosha kumridhisha mwenye bunduki.

Uwindaji wa kienyeji ni wa zamani zaidi. Vijana hutumia manati, matego ya kamba na ulimbo, yaani utomvu wa mti unaopakwa kwenye vijiti ili ndege anase. Wakubwa hutumia mishale, nyavu na mbwa, na wengine magobole. Nyama ya kanga au kwale ni kitoweo kinachopendwa katika vijiji vingi.

Mashambani tatizo kubwa ni nguruwe pori, ambao hufukua mihogo usiku, pamoja na ngedere na nyani. Katika vijiji vya pwani wakazi wengi ni Waislamu, hivyo nguruwe hawali. Anayemwua hapati kitoweo, ila anaokoa shamba. Mitego na mashimo yanayotegwa kwa ajili ya nguruwe yanaweza kumdhuru mtu anayetembea porini bila kufahamu, naye mtazamaji wa ndege ana kawaida ya kutembea huku macho yakiwa juu ya miti.

## Sheria

### Uwindaji

Sheria kuu ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Chini yake wanyamapori ni mali ya umma, na hakuna anayeruhusiwa kuwinda bila leseni au kibali. Ni kosa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, kuwinda kwa sumu, kwa kutumia taa usiku, kwa kufukuza wanyama kwa gari, au kwa mashimo na nyavu.

Ardhi ya wanyamapori imegawanywa katika ngazi:

* Hifadhi za Taifa: uwindaji hauruhusiwi, utalii ni wa kutazama na kupiga picha.
* Mapori ya akiba: uwindaji huruhusiwa kwa leseni katika vitalu vilivyopimwa.
* Mapori tengefu: uwindaji huruhusiwa kwa leseni.
* Maeneo ya hifadhi za jamii: vijiji hutenga sehemu ya ardhi yao na kuingia mikataba na makampuni ya uwindaji au ya utalii wa picha.

Mapori ya akiba na mapori tengefu yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanza kazi mwaka 2016. Hifadhi za Taifa ziko chini ya TANAPA.

### Hifadhi ya bahari

Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma zina sheria nyingine. Mwaka 2000 eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, sehemu kubwa yake ikiwa ni maji, lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Tofauti na Hifadhi ya Taifa, watu hawakuhamishwa. Vijiji vimo ndani, na wakazi huendelea kuvua, kulima na kukusanya chaza na pweza kwa kufuata kanuni za kila ukanda. Hakuna kitalu cha uwindaji wa kitalii ndani yake.

### Mikataba ya kimataifa

Kwa kuwa ndege wahamaji hawana mpaka, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Ndege-Maji Wahamao wa Afrika na Ulasia (AEWA), uliofikiwa mjini The Hague mwaka 1995. Mkataba huo haukatazi uwindaji wote. Unazitaka nchi zihakikishe kwamba ndege hawawindwi wakati wa kuzaliana wala wanaporudi kwenye mazalio yao, na kwamba matumizi ya risasi za chembe za madini ya risasi katika maeneo ya maji yanakomeshwa. Bata humeza chembe hizo akidhani ni changarawe za kusagia chakula, naye hufa kwa sumu polepole.

## Majira

Kwa miaka mingi msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania ulianza tarehe 1 Julai na kwisha 31 Desemba. Kanuni zimewahi kubadilishwa, hivyo tarehe za mwaka husika huulizwa TAWA. Sababu ya kuanza Julai ni kwamba nyasi zimekauka, barabara zinapitika na wanyama hukusanyika penye maji.

Sababu hizohizo humfaa mtazamaji. Zaidi ya hayo, kuanzia Septemba wahamaji wamekwisha kufika. Kwa hiyo miezi ya Septemba hadi Desemba hutakiwa na pande zote mbili. Januari hadi Machi wahamaji bado wapo, lakini barabara nyingi za Nanyumbu ni tope.

Mfano ni Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule katika Wilaya ya Nanyumbu. Jina lake linatokana na mito miwili inayoingia Ruvuma, na ng'ambo yake ni Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Tembo, pofu na viboko huvuka mto wakienda na kurudi. Kwa utaratibu wa mapori ya aina hiyo, wageni wa kutazama walishauriwa kufika kabla ya Julai, hasa mwishoni mwa Juni, nyasi zikiwa zimeanza kupungua na msimu wa bunduki haujafunguliwa. Hasara yake kwa mpenzi wa ndege ni kwamba mwezi wa Juni wahamaji wa kaskazini wako kwao. Katika mkoa huo kuna pia Pori la Akiba la Msanjesi, lililo dogo zaidi.

## Migongano

Ugomvi kati ya pande hizo mbili huwa na sababu chache zinazorudiarudia.

Usalama. Mtu aliyejificha kichakani akisubiri ndege haonekani na mwenye bunduki. Mlio wa risasi nao hufukuza ndege waliokuwa wakihesabiwa.

Mapato. Mwindaji mmoja wa kitalii hulipa fedha nyingi kuliko mtazamaji mmoja, naye hukubali kufika mahali pasipo hoteli wala barabara nzuri. Watazamaji hulipa kidogo, lakini wanaweza kuja wengi na mnyama yuleyule akatazamwa mara elfu. Mapori ya kusini yako mbali na njia kuu za watalii, hivyo watetezi wa uwindaji husema kwamba pasipo ada zake yangekosa askari na kugeuzwa mashamba. Wapinzani hujibu kwamba utalii wa picha hauwezi kukua mahali ambapo wanyama hukimbia binadamu.

Haki ya wenyeji. Mwanakijiji huona mgeni akipewa leseni ya kuwinda na mwingine akipewa kibali cha kutazama, huku yeye mwenyewe akikamatwa kwa kanga mmoja. Pasipo faida inayofika kijijini, hana sababu ya kuwataja majangili.

Sumu. Nyama iliyotiwa sumu ili kuua simba au fisi huua pia tai wanaokuja kula mzoga. Hasara hiyo huwagusa wawindaji na watazamaji kwa pamoja.

Watazamaji nao huweza kudhuru. Maji yanapojaa, ndege wa pwani hukusanyika kwenye fungu dogo la mchanga lililobaki na kupumzika. Mtu au mashua ikiwakaribia, huruka wote. Wakirushwa mara nyingi mwezi Machi, hupoteza mafuta waliyoyaweka kwa ajili ya safari ndefu. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi wakati wa bamvua, maji yanapopanda juu na mafungu kubaki machache.

## Njia za kushirikiana

Kugawana ardhi. Katika Pori la Akiba la Selous, utalii wa picha uliwekwa kaskazini na vitalu vya uwindaji vikachukua sehemu iliyobaki, iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na uwindaji ukakoma humo. Eneo la hifadhi ya jamii la Ikona, karibu na Serengeti, limegawanywa kati ya kanda ya uwindaji na kanda ya picha, na vijiji hupata mapato ya pande zote mbili.

Kugawana majira. Ndiyo njia iliyotumika Lukwika-Lumesule. Ni rahisi, lakini humwachia mtazamaji miezi michache.

Kuchangia mfuko mmoja. Nchini Marekani, tangu 1934 kila mwindaji wa bata hununua stempu maalumu ya serikali, na sehemu kubwa ya fedha hizo hununulia maeneo ya maji yanayohifadhiwa. Watazamaji wengi wa ndege hununua stempu hiyohiyo kwa hiari.

Kukataza upande mmoja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, ingawa upigaji wa ndege wa mawindo uliendelea kwa leseni kwa miaka mingi baadaye.

Kubadilishana taarifa. Wawindaji hujua mapito na mazalio kuliko mgeni yeyote, na mtegaji wa zamani huweza kuwa kiongozi mzuri wa watalii. Hesabu ya ndege-maji barani Afrika hufanyika katikati ya Januari, na mwanakijiji anayefahamu mafungu na nyakati za maji huhitajika sana katika kazi hiyo.

## Kutembelea

Mtazamaji anayekwenda Msimbati au maingilio ya Ruvuma hulipa ada ya hifadhi ya bahari na kujitambulisha kwa serikali ya kijiji. Anayekwenda mapori ya akiba hupata kibali cha TAWA na kuuliza kama kuna kambi ya uwindaji inayofanya kazi. Katika vichaka ni vema kuongozana na mwenyeji anayejua ilipo mitego, na kuvaa nguo inayoonekana.

Mto Ruvuma ni mpaka wa nchi. Machafuko ya Cabo Delgado yalianza mwaka 2017, na mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilicho upande wa Tanzania kilishambuliwa. Mtu mwenye darubini kubwa, sawa na mwenye bunduki, ataulizwa maswali na walinzi wa mpaka, na anatakiwa kuwa na vibali vyake mkononi.

## Tazama pia

* Hifadhi ya Taifa ya Nyerere
* Mikoko
* Mkoa wa Mtwara
* Mto Ruvuma
* Orodha ya ndege wa Tanzania
* Uhamaji wa ndege