Kipimo cha Shule: Habari za Mji wa Little Rock

Watu wengi wakitaka kulinganisha shule mbili, kwanza hutazama majengo. Huuliza: hii ina vyumba vingapi? Ile imeezekwa kwa nini? Sisi tulio waalimu twajua ya kuwa kipimo hicho kina kweli, lakini si kweli yote. Na tuzieleze habari za shule za mji mmoja wa Marekani, ili wasomaji wapate kuamua wenyewe.

Mji huo huitwa Little Rock, makao makuu ya jimbo la Arkansas. Watu wake walipohesabiwa mwaka 1930 walikuwa 81,679. Kwa kadiri ya nchi ile, mji mdogo. Zamani hizo watoto weupe na watoto weusi walitengwa, kila kundi na shule yake. Tangu mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekubali ya kuwa watu waweza kutengwa kwa rangi, maadamu wapewa vitu vilivyo sawa. Basi na tulipime neno hilo "sawa".

Mwaka 1927 ilifunguliwa shule ya sekondari ya watoto weupe, nayo sasa huitwa Central High School. Gharama zake zilikuwa dola 1,500,000. Juu ya mlango wake zimesimama sanamu nne, na moja yao huitwa Nafasi. Miaka miwili baadaye, 1929, watoto weusi walifunguliwa shule yao, ikapewa jina la Paul Laurence Dunbar, mshairi mweusi. Hiyo iligharimu dola 400,000, na katika hizo 67,500 zilitoka katika mfuko wa Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago. Fedha zilikuwa mbali na kuwa sawa. Na hata vitabu vya Dunbar mara nyingi vilikuwa vile vilivyokwisha kutumiwa na watoto weupe.

Tena, wakubwa wa mji walikusudia kwanza shule hiyo iwe ya kazi za mikono tu. Wazee weusi hawakuidharau kazi ya mikono, lakini walikataa mtoto afungiwe mlango wa elimu nyingine kabla hajaufikia. Walishikilia neno lao hata wakasikiwa. Dunbar ikafundisha ufundi na elimu ya vitabu pamoja, na juu yake masomo ya chuo.

Waalimu wake wengi walikuwa wamesoma sana, ila mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao weupe. Mwaka 1942 mwalimu mmoja wa Kiingereza, Bibi Sue Cowan Morris, aliwashitaki wakuu wa shule kwa ajili ya waalimu wote weusi. Mwaka 1943 akanyimwa kazi. Mwaka 1944 akashindwa mahakamani. Akakata rufani, na mwaka 1945 akashinda. Lakini hakurudishwa kazini Dunbar hata mwaka 1952.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ilikata shauri ya kuwa kuwatenga watoto shuleni si halali. Septemba 1957 wanafunzi weusi tisa walikwenda kuingia Central, na gavana Orval Faubus akaweka askari wa jimbo kuwazuia. Rais Eisenhower akapeleka jeshi la nchi, nao wakaingia tarehe 25 Septemba wakilindwa kwa bunduki. Mmoja wao, Ernest Green, aliyekuwa amesoma Dunbar katika madarasa ya chini, alimaliza masomo Central mwezi wa Mei 1958, wa kwanza katika watu weusi. Mtoto wa shule ya dola chache hakushindwa na masomo ya shule ya dola nyingi.

Je, waliokataa walipata faida gani? Mwaka wa masomo wa 1958 hata 1959, ili weusi wasichanganyike na weupe, shule zote nne za sekondari za mji zilifungwa. Wanafunzi 3,665, weupe kwa weusi, wakakosa shule zao, na wengi katika weusi hawakupata mahali pengine. Waalimu, kwa kuwa mikataba yao ilikuwa ingali na nguvu, walikwenda kuketi mbele ya viti vitupu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lile jengo la dola 1,500,000 halikumfundisha mtoto hata mmoja mwaka ule. Agosti 1959 ndipo zilipofunguliwa tena.

Basi, ninyi mnaochanga fedha kujenga shule vijijini, jengeni kwa nguvu, maana paa livujalo huharibu masomo. Lakini mkikutana barazani, ulizeni na haya: Mwalimu wetu alipwa haki yake? Watoto wetu wafundishwa elimu kamili, au nusu tu iliyochaguliwa na wengine? Na katika kijiji chetu, ni mtoto gani apitaye mbele ya mlango huu asiweze kuingia?