Basi Lililolazimishwa Kulala

Kijiji cha Haneti kiko kando ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile itokayo Dodoma kwenda Kondoa, Babati na Arusha. Kwa karibu miaka 30, kijiji kama hiki kililala bila mlio wa basi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku wa manane, kwa sababu ya ajali na ujambazi. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Lakini amri iligusa basi pekee. Malori yaliendelea kupita. Aliyebeba mzigo alihesabika mweledi wa usiku, aliyebeba watu akaegeshwa. Abiria wa safari ndefu, kama ya Mwanza, akalala kitini, mtoto mapajani, mizigo miguuni, akingoja alfajiri.

Wanaotetea katazo husema usingizi wa dereva huua. Ni kweli, na hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Ila katazo lenyewe lilimfanya dereva akimbizane na saa ili asilale njiani, na mwendo kasi nao huua. Dawa ya uchovu ni dereva wa pili na chombo cha kufuatilia mwendo, ambacho mabasi yalianza kufungiwa kabla marufuku haijaondolewa. Mwaka 2018 lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa, na sababu ya kuhofia barabara ikapungua. Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Dodoma kwamba mabasi yatasafiri saa 24. Oktoba, LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ikaanza kutoa ratiba za usiku.