Florence Mills, Mwimbaji wa Jukwaani

Kazi za sanaa zina bahati mbalimbali. Mchongaji hufa, kinyago chake kikabaki. Mwandishi huzikwa, kitabu chake kikaendelea kusomwa. Lakini kazi ya mwigizaji aimbaye jukwaani huishi kwa muda wa saa chache, kisha taa huzimwa nayo ikatoweka. Florence Mills, mwanamke mweusi wa Marekani, alivuma New York, Paris na London katika miaka ya 1920, lakini hakuna santuri ijulikanayo iliyoihifadhi sauti yake. Hata hivyo jina lake halikuzikwa pamoja naye. Inafaa tutazame jinsi alivyolipata jina hilo, na kwa nini limedumu.

Alizaliwa katika jiji la Washington mwaka 1896, katika ukoo wa Winfrey. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani, na utumwa ulikuwa umekomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865 tu. Walikuwa maskini, lakini mtoto wao alijaliwa sauti nyembamba na nyororo, na miguu myepesi ya kucheza ngoma. Kabla hajatimiza miaka kumi alikwisha kupanda jukwaani, akatangazwa kwa jina la Mtoto Florence. Baadaye yeye na dada zake wawili, Olivia na Maude, waliunda kikundi kimoja, wakasafiri mji hadi mji wakiimba kwa malipo madogo. Alipokuwa kijana aliimba Chicago katika mkahawa uitwao Panama pamoja na wanawake wenzake wawili, Ada Smith na Cora Green. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Hakufundishwa muziki chuoni. Alifundishwa na usiku mwingi wa kazi.

Mlango wa sifa ulifunguka mwaka 1921. Mwaka huo ulionyeshwa New York mchezo wa nyimbo na ngoma ulioitwa Shuffle Along. Nyimbo zake zilitungwa na Noble Sissle na Eubie Blake, na waliouandika na waliouigiza walikuwa watu weusi. Mwimbaji wake mmoja mkuu, Gertrude Saunders, alipoondoka, Florence alitiwa mahali pake. Wako waliotia shaka, kwa maana alikuwa mwembamba na sauti yake haikuwa ya kishindo. Lakini alipoimba, shaka iliwatoka. Tangu siku hiyo hakuwa tena mtu wa kuziba pengo la mwingine.

Mwenye michezo mmoja mzungu, Lew Leslie, alimchukua aimbe katika ukumbi wa starehe wa usiku. Ukumbi huo uliitwa Plantation, yaani shamba kubwa la kulimwa na watumwa, nao ulipambwa kufanana na mashamba hayo. Msomaji na afikiri: wazazi walizaliwa watumwa, na binti yao sasa alilipwa ili awaburudishe matajiri katika mfano wa shamba la watumwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya msanii mweusi wa siku zile. Watazamaji walipenda wimbo wake, lakini walitaka kumwona katika mahali walipomzoea. Florence aliijua hali hiyo vema. Hakuukimbia ukumbi, aliutumia. Aliamini kuwa mtu aliyekuja kucheka na kufurahi angeweza kurudi nyumbani akiwa amepungukiwa na chuki.

Mwaka 1923 alivuka bahari akaenda London, kwa mwaliko wa Charles Cochran, mwenye michezo mashuhuri wa Uingereza. Waigizaji wengine wa huko walinung'unika kwamba wageni weusi wanawanyang'anya kazi, na ilihofiwa kuwa usiku wa kwanza ungevurugwa kwa kelele. Florence alipotokea na kuimba, kelele iliyosikika ilikuwa ya makofi.

Aliporudi Marekani lilimfikia jaribu la namna nyingine, nalo lilikuwa tamu. Florenz Ziegfeld, mwenye michezo aliyesifiwa kuliko wote New York, alimtaka aingie katika mchezo wake mkubwa uliojaa wazungu. Kwa mwimbaji yeyote hicho kilikuwa kilele cha matumaini. Florence alikataa. Sababu yake ilikuwa kwamba akiingia humo ataingia peke yake. Lakini akisimamisha mchezo wake mwenyewe, kundi zima la waigizaji, wacheza ngoma na wapiga muziki weusi litapata kazi na heshima. Akasimama na wenzake, na mwezi wa Oktoba mwaka 1924 mchezo wao, Dixie to Broadway, ulifunguliwa katika mtaa wenyewe wa majumba makubwa ya michezo. Humo aliimba wimbo uliokuwa alama yake maisha yake yote, wimbo wa ndege mdogo mweusi anayemtafuta ndege wa samawati, yaani heri. Masikioni mwa wengi ulikuwa wimbo wa mapenzi tu; wenye kusikiliza vema walisikia ndani yake kilio cha watu wanaoitafuta haki.

Mwaka 1926 aliongoza mchezo mwingine, Blackbirds, ulioanza Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, ukaenda Paris, kisha London. Katika London peke yake ulionyeshwa zaidi ya mara 250, na mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza alirudi kuutazama mara nyingi. Lakini mwili una kikomo chake. Florence alichoka, akaugua, akarudi nyumbani mwaka 1927. Alipasuliwa hospitalini, akafa tarehe 1 Novemba, hali ana umri wa miaka 31. Siku ya mazishi njia za Harlem zilifurika. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 150,000 walisimama kumwaga.

Mwaka uliofuata Lew Leslie alionyesha mchezo mpya wa Blackbirds huko New York, na nafasi ya Florence ikashikwa na Adelaide Hall, mwimbaji mweusi mwenzake. Mwaka huo huo Duke Ellington alimtungia muziki wa ukumbusho, na muziki huo unapigwa hata leo.

Wako watu wakipata mlango hupita, kisha huufunga nyuma yao. Florence Mills aliukataa mlango uliomtosha yeye peke yake, akafungua ule wa kupita wengi. Sauti yake haikutufikia, lakini waliopita mlangoni hapo waliimba baada yake, nao walisikika.