Habari, Mpokezi na Ushahidi: Kutoka Elimu ya Isnadi hadi Simu ya Mkononi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Watu wetu wana msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani msemo huu unapendwa sana. Lakini ukiupima kwa mizani ya wanavyuoni wa Hadithi hausimami. Kwao lisemwalo ni dai, na dai huulizwa kwanza limetoka kwa nani. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kazi ya kupokea na kufikisha habari, tokea mji wa Madina hadi zama hizi ambapo kila mwenye simu amekuwa mwandishi, ili tujue ni kitu gani hasa kilichobadilika na wajibu umemwangukia nani.

Jirani yake Umar (r.a.)

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa na jirani yake wa Kiansari, wakipeana zamu ya kuhudhuria kwa Mtume (s.a.w.). Siku ya huyu, huyu humletea mwenzake habari za wahyi na mengineyo, na siku ya yule hali kadhalika. Usiku mmoja jirani akaja akagonga mlango kwa nguvu. Umar akadhani kabila la Ghassan limeshavamia mji. Jirani akamwambia kuwa limetokea kubwa zaidi ya hilo: Mtume (s.a.w.) amewaacha wake zake.

Umar hakuitangaza habari ile. Alikwenda kwa binti yake Hafsa (r.a.), akamkuta analia, naye hakuwa na hakika. Akaingia msikitini akawakuta watu wameshaamini. Akaomba ruhusa ya kuingia kwa Mtume (s.a.w.), na hakukata tamaa mpaka aliporuhusiwa, kisha akamuuliza yeye mwenyewe. Jibu likawa hapana. Kilichokuwepo ni kwamba Mtume (s.a.w.) aliapa kujitenga nao kwa mwezi mmoja. Katika mapokezi ya Muslim imekuja kwamba Umar alisimama kwenye mlango wa msikiti akatangaza kwa sauti ya juu kuwa hakuna talaka, na kuwa hapo iliteremka aya ya 83 ya Suratun Nisaa, inayowalaumu wanaoitangaza habari ya amani au ya khofu kabla ya kuirejesha kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao.

Tuizingatie sana habari hii. Yule jirani hakuwa mwongo wala mnafiki. Wala jambo lenyewe halikuwa tupu, kwani kujitenga kulikuwepo kweli. Kosa liliingia pale ambapo watu walikichanganya walichokiona na walichokidhania, kisha wakavifikisha vyote viwili kwa jina moja la habari. Kwa hiyo ukweli wa msemaji peke yake hautoshi. Mkweli naye huulizwa: hili umeliona, umelisikia, au umelifahamu hivyo tu?

Isnadi na karatasi ya Khaybar

Baada ya kuuawa Uthman bin Affan (r.a.) mwaka 35 Hijria, umma uliingia katika fitna, na kila kundi likawa na la kusema. Muhammad bin Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria, ameeleza kuwa hapo kabla watu hawakuwa wakiuliza juu ya isnadi, lakini fitna ilipotokea wakaanza kumtaka kila msimulizi awataje watu wake. Hivyo ndivyo ilivyokua elimu ya kuwachunguza wapokezi: nani alikutana na nani, nani kumbukumbu zake zilidhoofika uzeeni, nani husema kweli lakini huchanganya.

Wala wanavyuoni hawakuishia kwa wapokezi peke yao, bali walilikagua na lile lililosimuliwa. Mfano mashuhuri ni wa Al-Khatib Al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria. Katika zama zake ililetwa Baghdad karatasi iliyodaiwa kuwa ni ya Mtume (s.a.w.), ya kuwasamehe jizya Mayahudi wa Khaybar, ikiwa na majina ya mashahidi miongoni mwa Maswahaba. Waziri akampelekea Al-Khatib. Alipoitazama akasema ni ya kughushi. Alipoulizwa amejuaje, akaonyesha kuwa humo umo ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, mwaka wa 8, ilhali Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7. Tena umo ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alikwishafariki mwaka wa 5, baada ya vita vya Handaki. Aliyeighushi karatasi alipamba maneno, lakini tarehe zikamuumbua.

Kutoka kwa mhariri hadi kwa kila mtu

Uchapaji ulipoenea, habari ikapata mlinzi mpya, naye ni mhariri. Mwaka 1898 Rashid Rida alianzisha Al-Manar mjini Cairo, na athari yake ikafika mpaka pwani yetu. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Msomaji wa gazeti la namna hiyo alijua ni nani aliyeandika na ni wapi atampata akitaka kumjibu. Mhariri alikuwa kama mpokezi anayejulikana: anaweza kukosea, lakini jina lake lipo, na kosa lake litarejea kwake.

Njia za habari nazo zilikuwa chache. Waya wa simu uliopita chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, na maneno yaliyopita humo yalilipiwa kwa hesabu. Miaka 130 baadaye, mwaka 2009, mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa, huu wa pili ukitokea Fujairah katika Ghuba. Tangu hapo intaneti ikawa rahisi, simu zikazidi, na mlango uliokuwa ukilindwa na mhariri ukawa hauna komeo.

Magazeti nayo yakadhoofika, kwa kuwa matangazo ya biashara yaliyokuwa yakiyalisha yalihamia kwenye mitandao. Nchini Marekani, watumishi wa vyumba vya habari vya magazeti walipungua kutoka takriban 71,000 mwaka 2008 hadi takriban 31,000 mwaka 2020. Maana yake ni kwamba waliokuwa wakilipwa ili waende, waulize na warudi na jibu wamekuwa wachache, na wanaopitisha wasichokiuliza wamekuwa wengi. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizoenea katika mtandao wa Twitter baina ya mwaka 2006 na 2017. Wakakuta kuwa habari ya uongo ilielekea kupitishwa na watu kwa asilimia 70 zaidi kuliko ya kweli, na kwamba sababu kubwa walikuwa ni watu wenyewe, si programu zinazojiendesha.

Je, habari ya asiyejulikana itupwe?

Wapo wanaosema dawa ni nyepesi: tusipokee chochote cha mitandaoni. Sisi tunaona kauli hii haiwi sawa na Qur'ani yenyewe. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat haikuamrisha habari ya fasiki itupwe. Imeamrisha ichunguzwe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Katika kisomo cha Hamza na Al-Kisai neno hilo husomwa kwa maana ya kuthibitisha na kutofanya haraka. Visomo viwili hivi vinakamilishana: tulia, kisha bainisha.

Mwezi Julai 2018 ilienea mitandaoni video ya wanajeshi wakiwapeleka wanawake wawili na watoto wawili kisha wakiwapiga risasi, wakiwatuhumu kuwa ni wa Boko Haram. Aliyeisambaza hakujulikana. Serikali ya Cameroon mwanzo ilisema ni habari ya uzushi. Waandishi wa BBC Africa Eye pamoja na watafiti wengine wakaichunguza. Waliulinganisha mgongo wa milima unaoonekana nyuma na picha za ardhi mpaka wakapata mahali, karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Wakatazama majengo katika picha za setilaiti na urefu wa vivuli vya wanajeshi, wakapata wakati, baina ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Serikali ikatangaza kuwakamata wanajeshi saba, na mwezi Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanne kati yao kifungo cha miaka 10.

Ndugu msomaji, hii ni njia ileile ya Al-Khatib. Yeye aliuliza: shahidi huyu alikuwa wapi mwaka ule? Na hawa waliuliza: kivuli hiki kinaanguka vipi mwezi ule? Lau video ile ingetupwa kwa kuwa mpokezi wake hajulikani, damu ya wanawake na watoto wale ingepotea bure. Na lau ingeaminiwa bila ya uchunguzi, kesho ingeaminiwa na ya uongo mfano wake. Hasa katika zama hizi ambapo akili mnemba inaweza kutengeneza sura na sauti ya mtu akisema asilolisema.

Wajibu wetu

Kwa haya tunapata mambo matatu. La kwanza, anayepitisha ujumbe ni mpokezi, na maneno kwamba ameutuma kama alivyoupata hayamwondolei dhima. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa yamtosha mtu kuwa ni uongo kusimulia kila anachokisikia. Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliweka mpaka wa kupitisha ujumbe kwa watu au makundi matano mwaka 2019, na mwaka 2020 ujumbe uliokwishapitishwa sana ukapelekwa kwa mmoja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa wenye biashara wameona haja ya komeo, mcha Mungu anastahiki zaidi kuliweka moyoni mwake.

La pili, imamu asiipandishe mimbarini habari aliyoipokea asubuhi ile katika simu kabla ya kuirejesha kwa wanaoijua, iwe ni ya vita, ya maradhi, ya mwezi kuandama au ya heshima ya mtu. Msikitini, watu huichukua kauli yake kuwa ni kauli ya dini.

La tatu, vijana wetu wanaosoma elimu ya Hadithi wasidhani kuwa wanasoma mambo ya kale tu. Uandishi wa habari unahitaji leo watu waliozoea kumuuliza msimulizi awataje watu wake. Madrasa inayofundisha mustalah ina cha kuwapa waandishi, na waandishi wanaojua kusoma ramani na vivuli wana cha kutupa sisi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaothibitisha kabla ya kusema. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.