Peni Moja ya Nauli: Safari za Watu wa Alexandra

Watu wasikiapo jina la Johannesburg, mara hufikiri dhahabu. Wala si ajabu, maana mji ule haukuwako kabla ya dhahabu kuonekana huko mwaka 1886. Lakini ziko habari nyingine za mji ule zisizosimuliwa sana kwetu, nazo ni habari za njia: jinsi watu wa kazi walivyokwenda mjini asubuhi na kurudi jioni, na nani aliyelipa gharama ya mwendo huo. Nimeona yafaa kuwaandikia wasomaji habari hizi, kwa kuwa sisi nasi twaujua mwendo. Mtoto atokaye mbali kwenda shule ameutumia mguu kabla hajaitumia kalamu.

Kaskazini mashariki ya Johannesburg, kadiri ya maili 9 kutoka katikati ya mji, uko mtaa uitwao Alexandra. Mwenye shamba lile, Mzungu jina lake Herbert Papenfus, alikusudia kuuza viwanja kwa Wazungu wenziwe, na mtaa akauita kwa jina la mkewe. Wanunuzi hawakuja, maana walipaona mbali mno. Basi mwaka 1912 mahali pale pakafunguliwa kwa Waafrika na kwa watu wa damu ya mchanganyiko, nao wakaruhusiwa kununua viwanja na kuwa na hati mikononi mwao. Mwaka uliofuata, 1913, serikali ya Waziri Mkuu Louis Botha ikatoa sheria iliyowakataza Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi. Alexandra ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja tu, ikapona.

Hivyo ule umbali uliowakimbiza wanunuzi wa kwanza ukawa mzigo wa wale waliowafuata. Mtaa ulijaa watu, nyumba zikasongamana, wala hapakuwa na taa za umeme njiani, hata watu wakapaita Mji wa Giza. Walakini kila alfajiri ndio uliotoa mikono ya kuufanya mji mwingine ung'ae. Humo walitoka wafagiaji wa maofisi, wapishi, matarishi, vibarua wa viwanda na wapakizi wa magari. Humo pia walitoka wanawake madobi, waliochukua nguo za Wazungu kwa matita, wakazifua nyumbani na kuzirudisha zimepigwa pasi.

Watu hawa walikuwa na njia tatu za kwenda kazini. Wengine walikuwa na baiskeli, nayo ni chombo chema, ila hununuliwa kwa fedha nyingi kwa mara moja, na mama mwenye tita la nguo kichwani hawezi kuipanda. Wengi zaidi walipanda basi. Na asiyekuwa na nauli alikwenda kwa miguu.

Nauli ya basi ilikuwa peni 4 kwenda na peni 4 kurudi. Vijana wetu wa leo hawakuziona fedha hizo, basi na wajue ya kuwa peni 12 zilikuwa shilingi moja, na shilingi 20 zilikuwa pauni moja. Peni 4 zaonekana kitu kidogo. Lakini tuitazame hesabu ya mtu mmoja aliyeiacha katika kitabu cha maisha yake, naye ni Nelson Mandela. Alifika Johannesburg mwaka 1941, kijana aliyelelewa katika shule za misioni ya Wamethodisti, akapanga Alexandra chumba kidogo cha uani chenye sakafu ya udongo, pasipo umeme wala maji. Kazi yake ilikuwa ya ukarani kwa wanasheria, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Kodi ya chumba ilikuwa shilingi 13 na peni 4. Basi la Waafrika lilimgharimu pauni moja na peni 10 kwa mwezi. Mwalimu yeyote na ampe mwanafunzi hesabu hii ubaoni: nauli ya basi ilipita kodi ya chumba, na bado chakula, mishumaa na nguo. Basi peke yake lilikula sehemu kubwa ya mshahara. Ndiyo sababu siku nyingi Mandela alikwenda mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, apate kuiokoa nauli. Na suti aliyoivaa alipewa na bwana wake wa kazi, akaivaa karibu miaka mitano, hata viraka vikazidi kitambaa.

Katika hali kama hiyo, wenye mabasi walitaka kuongeza peni moja. Peni moja kwenda na moja kurudi ni peni 2 kwa siku. Kwa siku 6 za kazi ni peni 12, yaani shilingi nzima imetoka kila juma. Walijaribu mwaka 1940, wakakataliwa. Wakajaribu tena mwaka 1943, mwezi wa Agosti, na watu wakashuka barabarani kwa maelfu, Mandela mwenyewe akiwa miongoni mwao. Kwa siku 9 mabasi yalipita matupu, na siku zile zilipokwisha nauli ikarudi peni 4. Mwaka 1944, Novemba, ugomvi ukaamka mara ya tatu, nao ulikuwa mrefu: watu walikwenda kwa miguu kwa muda wa majuma 7. Tume ya serikali iliyochunguza habari za mabasi wakati ule iliona wazi ya kuwa gharama ya kusafiri ilikuwa imepita uwezo wa mfanya kazi Mwafrika kwa mshahara aliokuwa akipata. Mwaka 1945 ikaundwa kampuni nyingine ya mabasi, PUTCO, nayo ilipata msaada wa fedha za serikali. Mambo yakatulia kwa muda wa miaka kumi na miwili hivi.

Ndipo likaja neno la mwaka 1957, ambalo ndilo hasa nilitaka kulieleza. PUTCO ilitangaza ya kuwa nauli itakuwa peni 5. Jumatatu, tarehe 7 Januari, mabasi yalikuja Alexandra kama desturi, yakasimama, yakangoja, wala hakupanda mtu. Neno la watu lilikuwa moja tu: Azikwelwa. Msomaji na alitazame neno hili vizuri, maana kwa masikio ya Kiswahili si geni. Sisi twasema kukwea, nao husema kukhwela. Azikwelwa ndiyo hazikwewi, yaani hayapandwi mabasi haya. Sijui kama iko barua ndefu ya malalamiko iliyowahi kusema mengi kuliko neno hilo moja.

Wakaenda kwa miguu. Njia yao kubwa ilikuwa ile barabara iitwayo Louis Botha Avenue, kwa jina la yule yule Waziri Mkuu wa sheria ya mwaka 1913, nao wakaikanyaga asubuhi na jioni. Maili 9 kwenda na maili 9 kurudi ni maili 18, nayo ni karibu kilomita 29. Mtu mwenye mguu mwema huenda maili 3 kwa saa. Basi ni saa 3 za kwenda na saa 3 za kurudi. Aliyetakiwa kazini saa 1 asubuhi aliondoka nyumbani saa 10 za usiku, na giza lingaliko. Wazee wetu waliopagaza mizigo kutoka Bagamoyo kwenda bara walihesabu kadiri ya maili 10 kuwa ni mwendo wa siku. Lakini mpagazi akifika kambini hutua mzigo wake. Hawa walipofika ndipo kazi ilipoanza, na baada ya kazi ilingoja njia ya kurudi.

Tena miezi ile, Januari hata Machi, ni miezi ya mvua katika nyanda zile za juu, na mvua yake huja na radi wakati wa jioni, ndio wakati wenyewe wa kurudi. Viatu viliisha. Wazee walikwenda, na wanawake wenye matita ya nguo walikwenda. Neno lilivuka mipaka ya Alexandra, likafika Sophiatown na mitaa ya Pretoria, hata mahali pengine watu ambao nauli yao haikuongezwa wakaacha mabasi yao kwa kuwahurumia wenzao. Waliokwenda kwa miguu walikuwa makumi ya maelfu.

Wako Wazungu waliosimamisha motokaa zao njiani wakawapakia watu, wengine wasiowajua kabisa. Jambo hili halikuipendeza serikali. Askari polisi walizisimamisha motokaa hizo, wakauliza leseni, wakahesabu abiria. Waendao kwa miguu walidaiwa pasi zao, vile vyeti ambavyo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua, kama kile kipande walichokivaa shingoni Waafrika wa Kenya wakati wa ukoloni. Na wenye baiskeli walisimamishwa, magurudumu yao yakatolewa upepo. Mimi katika habari zote za miezi ile hii ndiyo inayonishangaza. Mtu ameacha basi, hakumpiga mtu jiwe, hakuvunja kioo, amepanda baiskeli yake mwenyewe aliyoinunua kwa jasho lake; na askari ainama barabarani kutoa upepo, ili yule naye atembee. Twaweza kuona hapo ya kuwa ugomvi haukuwa tena wa peni moja.

Waziri wa Uchukuzi, Ben Schoeman, alisema kwamba hayo yote ni siasa, wala serikali haitashindwa na watu wa siasa. Kwa kweli viongozi wengi wa siasa walikuwa mbele ya hakimu wakati ule. Desemba 1956 watu 156 walikuwa wamekamatwa kwa kosa la uhaini, naye Albert Luthuli, rais wa chama cha ANC, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mkuu wa kabila, alikuwa mmoja wao. Huko Alexandra kamati ya watu wenyewe ndiyo iliyoendesha mambo. Miongoni mwa viongozi alikuwako Alfred Nzo, ambaye mwaka 1994 alipata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya Mandela. Siasa ilikuwamo, nani awezaye kukana? Lakini siasa haimwondoi mama mzee kitandani saa 9 za usiku kwa miezi mitatu, kama hana sababu yake mwenyewe. Sababu aliijua: ile shilingi ya kila juma ndiyo unga wa watoto.

Majuma machache tu kabla ya hayo, huko Montgomery katika Marekani, watu weusi walikuwa wamemaliza siku 381 za kususia mabasi. Ugomvi wao ulikuwa wa viti, maana Mzungu alikaa mbele na mtu mweusi nyuma. Wa Alexandra hawakuwa na ugomvi wa viti, kwa kuwa mabasi yao yalikuwa ya Waafrika watupu. Lao lilikuwa swali jingine, na kwa maoni yangu ni gumu zaidi: ikiwa sheria imemkataza mtu kukaa karibu na kazi yake, ni nani apaswaye kulipa umbali?

Serikali ilikataa kuongeza msaada wake. Kampuni ilisema haiwezi kuendesha mabasi kwa hasara. Wafanya kazi walisema hawana. Alibaki mmoja ambaye hakuwa ameulizwa, naye ni mwajiri. Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg, wa kanisa la Anglikana, alijitia katika kazi ya upatanishi, na Baraza la Wafanya Biashara la Johannesburg likakubali kuzungumza, maana waliona watu wao wafika kazini wamechoka kabla ya kushika chombo. Shauri la kwanza lilikuwa kwamba abiria alipe peni 5, kisha arudishiwe moja. Wengi wakalikataa. Waliona ya kuwa peni itokayo mfukoni leo si lazima irudi kesho, na ya kwamba kukubali kulipa 5 ni kukubali 5. Wakaendelea kutembea. Mwisho Baraza likatenga mfuko wa pauni 25,000, abiria akalipa peni 4 zile zile, na ile ya tano ikatoka katika mfuko. Tarehe 1 Aprili 1957 watu wa Alexandra wakapanda mabasi.

Mfuko ule ulikuwa wa muda tu. Lakini mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria ya kuwatoza waajiri fedha kwa ajili ya kila mfanya kazi wao Mwafrika, zipate kusaidia gharama za usafiri. Serikali ile ile iliyosema haitashindwa ndiyo iliyoandika sheria hiyo. Na vyama vya wafanya kazi, ambavyo Februari vilikuwa vimeanza kudai mshahara wa pauni moja kwa siku, vilipata la kusema: mtu ashindwaye kulipa peni moja, ubaya uko katika mshahara wake.

Askofu Reeves alifukuzwa nchini mwaka 1960. Serikali iliazimu kubomoa nyumba za jamaa katika Alexandra na kujenga mabweni ya watu waseja, hata mwaka 1979 mtaa ukaokolewa, baada ya juhudi za Kasisi Sam Buti na wenzake. Mabasi nayo yalipata mshindani, yaani yale magari madogo ya abiria, ndugu wa daladala na matatu zetu.

Na mji wenyewe ukasogea. Karibu kabisa na Alexandra, upande wa magharibi, pakaota Sandton, mahali pa mabenki na majumba marefu, hata soko la hisa la Johannesburg likahamia huko mwaka 2000. Kazi zilizokuwa mbali kwa maili 9 sasa ziko ng'ambo ya barabara kuu, ingawa ni kazi zile zile za kufagia, kupika na kulinda, kwa watu wengi. Juu ya barabara hiyo limejengwa daraja liitwalo Kopanong, maana yake kwa Kisotho ni mahali pa kukutania. Halipiti motokaa wala basi. Ni la waendao kwa miguu na wenye baiskeli.