Kolumnari

Kolumnari ni ugonjwa wa kuambukiza wa samaki wa maji yasiyo na chumvi, wakiwemo samaki wa mapambo wanaofugwa majumbani, unaosababishwa na bakteria *Flavobacterium columnare*. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Mmarekani H. S. Davis, aliyechunguza samaki wa mto Mississippi.

Dalili zake ni mabaka meupe au ya kijivu mdomoni na mgongoni, mapezi yaliyochakaa na matamvua yanayooza. Kwa kuwa mabaka hayo hufanana na pamba, wafugaji wengi hudhani ni kuvu na kutumia dawa isiyofaa. Kosa hilo ni la hatari, maana aina kali huua samaki ndani ya siku moja au mbili.

Matibabu huanza na maji yenyewe: mgonjwa hutengwa, sehemu ya maji hubadilishwa, hewa huongezwa. Joto hushushwa taratibu pale spishi inapostahimili, kwani bakteria hao hustawi kwenye uvuguvugu. Antibiotiki kama oksitetrasaiklini au kanamaisini hutumiwa kwenye tangi la pembeni, kwa sababu zinaweza kuua pia bakteria wa kichujio wanaoondoa amonia. Mkaa wa kichujio hutolewa kwanza, la sivyo hufyonza dawa.