Wakwe, Viza na Swali la Kurudi

Fomu ya viza ya matembezi ina kurasa nyingi, lakini ukiichambua utaona inauliza swali moja tu: utarudi kwenu? Hati ya shamba, barua ya mwajiri, taarifa ya benki ya miezi sita, vyeti vya kuzaliwa vya watoto unaowaacha nyumbani, vyote ni njia tofauti za kujibu swali hilo hilo. Na linaulizwa kwa ukali hata pale ambapo safari yenyewe haina siri: wazazi wanaenda kumwoza mtoto wao.

Nimejaza fomu hizi mara kadhaa kwa niaba ya familia. Niliacha chuo, sina kazi ya kuamka asubuhi na kwenda, nina laptopu, kwa hivyo jambo lolote la mtandaoni huletwa kwangu. Mara ya mwisho ilikuwa zamu ya shangazi yangu, ambaye kijana wake alikuwa anaoa msichana wa nchi moja ya Ulaya. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshasalimiana kwa video, wakachekeana, wakaelewana siku. Zilibaki karatasi. Tulipofika sehemu ya mali, shangazi akavua miwani.

"Baba, ng'ombe wangu na harusi ya mtoto vinahusiana wapi?"

"Wanataka kujua kama una kitu cha kukurudisha, shangazi."

"Kwani nimesema nahama?"

Shangazi alipewa viza. Shemeji yake, mzee wa miaka 71 aliyekuwa asimame mahali pa marehemu baba ya bwana harusi, alinyimwa. Barua ilisema afisa hakuridhika kwamba mzee angeondoka nchini mwao ziara ikiisha. Aliniomba nimsomee mara mbili, halafu akaikunja na kuitia mfukoni. Pesa za maombi hazirudishwi. Hapo ndipo nilianza kufukua hili swali la kurudi lilitoka wapi.

Kumbe si la zamani sana. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtu angeweza kuvuka mipaka mingi ya Ulaya bila pasipoti. Vita vilipoanza mwaka 1914, serikali ziliogopa wapelelezi na watoro wa jeshi, zikaanza kudai karatasi mpakani. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliitisha mkutano Paris, na hapo ndipo muundo wa kijitabu cha pasipoti cha kurasa 32 ulikubaliwa. Wengi waliokutana walitarajia mambo haya yangekuwa ya muda tu, kwamba dunia ikitulia watu wangerudi kusafiri kama awali. Zaidi ya miaka 100 imepita.

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, serikali ya kikoloni ilikuwa na karatasi yake. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: alama za vidole, jina, kabila, mwajiri, mshahara, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyoachishwa. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukiondoka kazini kabla mwajiri hajatia sahihi, ulikuwa mtoro, na mtoro alitafutwa na kushtakiwa. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko ya Harry Thuku na wenzake. Thuku alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, ukapigwa risasi. Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Sisemi viza ni kipande. Hakuna polisi anayekukamata kwa kukosa viza ukiwa umekaa kwako Kayole. Lakini angalia mantiki yake. Kipande kiliuliza: mtu huyu, muda wake ni wa nani, na nani atamjibia? Leo fomu inataka barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo na unatarajiwa kazini tarehe fulani. Aliye na bosi anaaminika haraka. Mkulima, mama wa kibanda, msee wa kujitegemea kama mimi, inabidi tutafute mtu au kitu cha kutujibia.

Hadithi ya Uingereza inaonyesha vizuri jinsi mlango ulivyofungwa polepole. Chini ya sheria ya uraia ya mwaka 1948, mtu wa koloni alikuwa na haki ya kuingia Uingereza bila kuuliza. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kwanza ya kuwazuia watu wa Jumuiya ya Madola. Halafu ikaja 1968, na hapo Kenya iko katikati kabisa. Baada ya uhuru, Wakenya wengi wenye asili ya Asia walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 serikali yetu ilipitisha sheria ya uhamiaji na ya leseni za biashara, zilizowabana wasio raia. Watu wakaanza kukimbilia London. Serikali ya Uingereza ikaharakisha sheria mpya bungeni kwa siku chache, ikaanza kutumika Machi 1968: pasipoti ya Uingereza pekee haikutosha tena, ilibidi uwe na mzazi, babu au nyanya mwenye asili ya kule. Waliobaki walitengewa vocha 1,500 kwa mwaka, za wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba watu hawa walikuwa wamebaguliwa kwa rangi.

Fikiria maana yake kwa harusi. Ndugu mmoja yuko Leicester, mwingine Ngara, wazazi wana pasipoti ile ile, lakini mmoja anaweza kuingia na mwingine anangoja vocha. Familia zilijifunza kuoza watoto kwa awamu.

Wakenya wengine tuliingizwa kwenye orodha ya wanaohitaji viza ya Uingereza katikati ya miaka ya 1990. Kipande cha historia kinachonisumbua zaidi ni cha rufaa. Hadi mwaka 1993, mgeni aliyenyimwa viza ya kutembelea Uingereza aliweza kukata rufaa mbele ya mwamuzi huru. Mwaka huo haki hiyo ikaondolewa. Familia za wahamiaji zililalamika kwa miaka, hasa kuhusu harusi na matanga, mambo yasiyoweza kungoja, na mwaka 2000 rufaa ikarudishwa kwa wanaotembelea jamaa. Mwaka 2013 ikaondolewa tena. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "ndivyo mambo yalivyo", mwambie hapana, ndivyo mambo yalivyo tangu 2013.

Mwaka huo huo wa 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwadai baadhi ya wageni kutoka nchi sita, zikiwemo Ghana na Nigeria, dhamana ya pauni 3,000 ambayo wangerudishiwa wakiondoka. Mpango ukaachwa kabla ya kuanza. Lakini wazo halikufa: Agosti 2025 Marekani ilianza majaribio ya dhamana ya kati ya dola 5,000 na 15,000, ikianza na raia wa Malawi na Zambia. Sasa mzee wa Lilongwe anayeenda kumwoza binti yake anaweza kuambiwa aweke rehani kama mshtakiwa.

Ni rahisi kumalizia hapo, tukiwanyooshea vidole wazungu. Lakini sisi pia tunauliza. Mwaka 1989 serikali yetu iliwapanga Wakenya Wasomali foleni na kuwachuja, na waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi ili wathibitishe kwamba ni wa hapa. Chini ya katiba ya zamani, mwanamume Mkenya akioa mgeni, mkewe aliweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mumewe hakuwa na njia hiyo. Dada zetu walioolewa na Watanzania au Wanigeria waliishi na waume waliohesabiwa kama wageni wa kupita hadi katiba ya 2010 ilipoleta kanuni moja kwa wote: miaka saba ya ndoa, kisha unaweza kuomba.

Januari 2024 tuliambiwa Kenya imefuta viza kwa dunia nzima. Kilichokuja badala yake ni kibali cha mtandaoni, cha kulipia na kungoja, hata kwa raia wa nchi ambazo hapo awali waliingia bila viza. Mwaka 2025 nchi karibu zote za Afrika ziliondolewa kwenye sharti hilo, isipokuwa Libya na Somalia, kwa sababu za usalama. Sasa hesabu ni harusi ngapi za Eastleigh zina mama mkwe au mjomba aliyeko Mogadishu. Mjomba huyo anakaa mbele ya skrini kama mzee wetu alivyokaa, akijibu maswali ya serikali yangu.

Tatizo la msingi, nadhani, ni kwamba fomu na desturi zinamtazama mzee kwa macho mawili tofauti. Kwa fomu, mzee ni mtu mmoja mwenye salio fulani benki. Kwa desturi, iwe ruracio, posa au nikaa, mzee ni shahidi: ndoa ikiyumba, yeye ndiye ataitwa aseme walikubaliana nini. Kinachomrudisha nyumbani ni zamu yake ya chama, kaburi la mkewe, mtoto wa jirani aliyeahidi kumlipia karo. Fomu haina kisanduku cha hayo.

Kama una wakwe wa kusafirisha, andika barua inayoeleza hayo kwa lugha ya kawaida, eleza kila shilingi iliyoingia kwenye akaunti, tuma maombi mapema, na weka nakala ya kila kitu. Lakini usiwaambie wazee kwamba kosa ni lao wakinyimwa. Waeleze kwamba rufaa iliwahi kuwepo, ikaondolewa, ikarudi kwa sababu familia zilipiga kelele, ikaondolewa tena. Na siku mbunge wako atakapokuja kuomba kura Eastleigh, South C au Komarock, muulize yule mjomba wa Mogadishu ataruhusiwa lini kuja harusini bila kuomba kibali.